Nebbiolo mbichi au mbivu? Chupa tatu za Piemonte kwenye meza moja

Shemeji yangu hakunywa hata tone usiku ule. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na pua yake ilikuwa inakamata kitunguu kinachokaangwa ghorofa ya tano na sisi tuko ya pili. Kwa sababu hiyohiyo nikamwekea glasi tatu za mvinyo mwekundu kama wengine, anuse tu. Ya kwanza alisema, "Matunda." Ya pili akaisukuma pembeni: "Hii imefunga mlango, shemeji." Ya tatu akaishika muda mrefu, macho kafumba. "Sanduku la bibi," akasema. "Nguo za zamani, udi uliokwisha kuungua, na yale marashi ya waridi yaliyokaukia kwenye kitambaa."

Nimehudumia meza kwenye mikahawa ya Torino, mji mkuu wa jimbo la Piemonte huko Italia, miaka tisa. Nimewasikia wajuzi wakiieleza Barolo, mvinyo mwekundu wa huko, ya miaka ishirini kwa maneno ya kila rangi, lakini hakuna maelezo yaliyonikaa kama hayo ya mtu ambaye hakuonja.

Tulikuwa wanne, Jumamosi moja ya Novemba 2024: mimi, mke wangu, mdogo wake huyo aliyekuja kutoka Bologna, na jirani yetu wa mlango wa pili, mzee mstaafu mwenye asili ya vilima vya Langhe, kusini mwa Torino. Chupa zilikuwa tatu. Ya kwanza Langhe Nebbiolo ya 2022, niliyoinunua kwa euro 17. Ya pili Barolo ya 2019 kutoka kijiji cha Monforte d'Alba, euro 52. Ya tatu Barolo ya 2004 kutoka Serralunga d'Alba, ambayo mzee aliitoa kwenye stoo yake ya chini ya jengo. Ilikuwa imelala humo tangu alipoinunua mwaka 2008. Bei hakutaka kuizungumzia, ila dukani leo chupa ya namna hiyo huvuka euro 100 bila kuona haya.

Zote ni zabibu ileile, Nebbiolo. Barolo kwa sheria ni Nebbiolo mtupu. Langhe Nebbiolo inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 15 ya zabibu nyingine, ingawa yangu haikuwa nayo. Kwa hiyo tofauti iliyokuwepo mezani haikuwa ya zabibu, ilikuwa ya umri na ya shamba.

Watu huniuliza, hasa wakitaka kununua zawadi: nichukue mpya au iliyokaa? Wakiuliza hivyo huwa wameshajijibu moyoni kwamba iliyokaa ndiyo bora, kilichobaki ni mfuko. Mimi huwarudishia swali: mtakula nini?

Ukakasi si ugwadu

Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu kina maneno mawili ambayo ukiyatenganisha umeshaielewa Nebbiolo nusu.

Ukakasi hauonjwi, unaguswa. Aliyewahi kula bibo la mkorosho akiwa mtoto anaujua: ulimi unakuwa kama umepigwa msasa, fizi zinanyauka, mate yanakimbia. Chai ya rangi iliyosahaulika jikoni hadi ikawa nyeusi nayo inao. Unaletwa na tanini, ambazo kwenye mvinyo mwekundu hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa. Tanini zikiingia mdomoni hukamata protini za mate, ndiyo maana mdomo hukauka.

Ugwadu ni mambo mengine. Ni ule wa ukwaju na embe bichi, unaoleta mate badala ya kuyafukuza. Hiyo ni asidi ya tunda lenyewe.

Nebbiolo imebarikiwa, au imelaaniwa, kwa vyote viwili kwa wingi. Huchelewa kuiva kuliko zabibu nyingi za Piemonte, mara nyingi huvunwa Oktoba, wakati ukungu umeanza kujaza mabonde, na wengi husema jina lake limetokana na neno *nebbia*, yaani ukungu. Rangi yake hudanganya, maana ni nyepesi. Mgeni akiiona kwenye glasi hudhani imetiwa maji, kisha akimeza anashtuka.

Sasa, mvinyo ukilala chupani, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na nyingine huungana na chembe za rangi. Zikishakuwa nzito sana huzama chini zikawa mashapo. Hivyo ukakasi hulainika na rangi huondoka nyekundu ikielekea tofali. Harufu ya matunda mabichi nayo hupungua, zikaja ngozi, tumbaku, uyoga, waridi kavu, lami. Lakini ugwadu haupungui. Hili ndilo watu wasiloambiwa dukani. Mvinyo ukikaa kupita kipimo, tunda limeondoka, ukakasi umeondoka, unabaki na kitu chembamba chenye uchachu, kama juisi ya jana.

Sahani kwa sahani

Tulianza na *vitello tonnato*. Ni nyama ya ndama iliyochemshwa, ikapoa, ikakatwa nyembamba kama karatasi, juu yake unamwagwa mchuzi mzito baridi wa jodari, viini vya mayai, samaki wadogo wa chumvi na vile vitumba vya siki viitwavyo *capperi*. Chakula hiki kinatesa mivinyo myekundu mingi. Hata mimi nilikiweka makusudi.

Langhe Nebbiolo, niliyoiweka kwenye friji dakika ishirini kabla, ilipita salama. Ilikuwa na harufu ya cheri na ua fulani la zambarau, ukakasi wake mdogo, ubaridi wake ukakata mafuta ya mchuzi. Barolo ya 2019 ikageuka chuma mdomoni. Mke wangu alisema ni kama kulamba ufunguo. Mafuta ya samaki na mvinyo mwekundu wenye nguvu mara nyingi huishia hapo, wala si kosa la mtengenezaji. Ile ya 2004 haikuharibika, ila ilipotea. Jodari aliifunika kama redio ya jirani inavyofunika mazungumzo. Mzee alikataa kabisa kuionja na sahani hiyo. Aliifunika glasi yake kwa kiganja, akangoja.

Zikaja *tajarin*, tambi nyembamba za Langhe ambazo unga wake hukandwa kwa viini vya mayai, wengine huweka viini thelathini kwa kilo moja. Nilizipika kwa siagi na majani ya *salvia* tu. Novemba ni msimu wa tartufo nyeupe ya Alba, ule uyoga unaochimbwa ardhini kwa msaada wa mbwa, lakini huuzwa kwa gramu kama dhahabu, nikaona tubaki na siagi.

Hapa glasi ya tatu ilisimama. Sijui niseme vipi bila kuonekana natia chumvi. Siagi haina makelele, kiini cha yai kina utamu wa chinichini, na mvinyo wa miaka ishirini ulipata nafasi ya kusema. Kwanza lilikuja waridi, lile kavu alilolisema shemeji. Likafuata kitu kama majani yaliyooza kidogo baada ya mvua, halafu, ukishameza, ladha ya ngozi ya kiatu kipya iliyokaa hadi unapovuta pumzi ya pili. Ukakasi ulikuwepo bado, ila kama mchanga laini wa ufukweni, si kokoto. Ile changa ya 2022 na tambi hizo ilikuwa nzuri pia, ya kunywa huku unaongea. Ya 2019 ilikuwa inapigana na sahani isiyotaka ugomvi.

Kisha *brasato*. Kilo moja na nusu ya bega la ng'ombe ililala usiku kucha ndani ya mvinyo pamoja na karoti, vitunguu, kijiti cha mdalasini na karafuu, ambazo mke wangu husisitiza lazima ziwe za Pemba. Kesho yake ikakaa jikoni saa tatu na nusu kwa moto wa chini, hadi uma ukaingia bila kusukumwa. Jina kamili la chakula hiki ni *brasato al Barolo*, lakini mimi nilitumia Barbera, mvinyo mwekundu mwingine wa Piemonte, ya euro 6. Kumimina Barolo sufuriani naona ni majivuno. Mzee hakukubaliana nami, na tukabishana hapo hadi mchuzi ukaanza kupoa.

Ndipo glasi ya pili, ile iliyofungiwa mlango, ikafunguka. Ukipiga funda kabla ya nyama, fizi zinanyauka. Ukipiga funda baada ya nyama, ukakasi umeyeyuka, na tunda linatokea nyuma yake: cheri nyeusi, mnanaa kidogo, na lami mpya ya barabarani. Sababu ni ileile ya mate. Tanini zinatafuta protini, na safari hii zimekuta nyama na mafuta sahanini, zikauacha mdomo wako. Mvinyo ule haukubadilika hata kidogo kati ya tambi na nyama. Kilichobadilika ni kilichokuwa mdomoni.

Ile ya 2004 na *brasato*? Watu wengi wangefanya hivyo: chakula kikubwa, chupa kubwa. Ilizidiwa. Mchuzi uliopikwa kwa mvinyo, karafuu na mafuta ya nyama uliimeza. Ningekuwa nimelipa euro 100 na kuifungua kwa sahani hiyo, ningejuta.

Kwenye jibini sitakaa sana. *Toma* laini ilikwenda na zote. *Castelmagno*, ambayo ni kali na inamong'onyoka, ilikwenda na ya 2019 peke yake.

Ile ya katikati

Kwa hiyo ukiniuliza chupa gani kati ya tatu ni ya kuogopa, si ile changa wala ile kongwe. Ni Barolo iliyotoka juzi.

Sheria ya Barolo inataka mvinyo ukae angalau miezi 38 kuanzia Novemba mosi ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa. Ukiandikwa Riserva, ni miezi 62. Ndiyo maana mavuno ya 2019 yalianza kuruhusiwa sokoni Januari 2023. Mnunuzi akisikia miaka mitatu na zaidi anasema, aa, huu umekaa. Lakini sheria inasema lini unaruhusiwa kuuzwa, haisemi lini uko tayari kunyweka. Mwaka 2019 ulitoa Barolo zenye mifupa migumu, za kulazwa. Unalipa mara tatu ya Langhe Nebbiolo, unaifungua jioni hiyohiyo kwa tambi za nyanya, na mgeni wako anauliza kwa heshima kama kuna soda.

Neno Riserva nalo lisikupumbaze. Linakuambia kwamba mtengenezaji aliikalia zaidi, na mara nyingi hizo ndizo chupa zake ngumu kuliko zote.

Suala hili la kusubiri limewahi kugombanisha ndugu huko Langhe. Barolo ya zamani ililoweka maganda kwa wiki nyingi, kisha ikakaa miaka kwenye mapipa makubwa, na mtu aliinunua akijua mtoto wake ndiye atakayeinywa. Mwaka 1983 kijana wa kijiji cha La Morra, Elio Altare, aliingia kwenye ghala la baba yake na msumeno wa injini, akayakata mapipa makubwa ya ukoo ili aweke madogo ya Kifaransa ya lita 225. Yeye na wenzake walifupisha siku za kuloweka maganda, wakapata mvinyo ulioweza kunywewa mapema na wenye harufu ya mbao mpya. Baba alimnyima urithi. Upande wa pili walisimama kina Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo, ambaye hadi kufa kwake mwaka 2005 hakutaka kuyaona mapipa madogo. Leo moto umepoa, na wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa huku wakibaki na usafi na umakini ulioletwa na vijana wale. Ila athari yake kwako mnunuzi ipo: Barolo mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa tayari kwa miaka tofauti kabisa, kutegemea mkono uliozitengeneza.

Na kutegemea kilima. Jirani yangu anasema, na nimeonja vya kutosha kumwamini, kwamba upande wa magharibi, La Morra na Barolo yenyewe, udongo hutoa mvinyo laini unaofunguka mapema. Upande wa mashariki na kusini, Serralunga na Monforte, ndiko kwenye ile migumu. Ukilazimika kununua Barolo changa na kuinywa mwezi huu, tafuta La Morra kwenye lebo. Au hama kijiji kabisa, chukua Barbaresco, Nebbiolo hiyohiyo ng'ambo ya pili ya mji wa Alba. Sheria yake inadai miezi 26 tu, na kwa kawaida ina mkono mwepesi.

Chupa iliyokufa

Mwaka mmoja kabla ya chakula hiki nilinunua Barolo ya 1996 kwenye duka moja la mjini. Mwaka ule unasifika, na bei ilikuwa nzuri mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Ilikuwa imesimama kwenye kioo cha mbele, taa juu yake, na joto la duka la Julai. Nilipoifungua, kizibo kilikatika katikati. Nikakitoa vipandevipande, nikaupitisha mvinyo kwenye chujio la chai. Rangi ilikuwa kahawia ya maji ya mtaro. Ilinuka kama mchuzi wa soya uliotiwa siki. Tuliipeleka jikoni na jikoni nako ikakataliwa. La kuvunda halina ubani.

Kwa hiyo ukilinganisha bei za chupa kongwe, usilinganishe miaka, linganisha malazi. Chupa ya mzee ililala ubavu gizani miaka kumi na sita mahali ambapo joto hukaa kwenye nyuzi 13 au 14, haikuguswa. Kizibo kililowa upande wa ndani muda wote, hewa haikupita. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa na huna friji ya mvinyo, sisemi usinunue kongwe, nasema inywe wiki hiyohiyo. Na usijidanganye kwamba utanunua changa uizeeshe kabatini. Kwenye nyuzi 30 haizeeki, inapikwa.

Pia mvinyo mwingi duniani hautengenezwi kwa ajili ya kukaa. Waitaliano wana *vino novello*, ambao huruhusiwa sokoni kuanzia Oktoba 30 ya mwaka uleule wa mavuno, na ukiufikisha Pasaka umechelewa. Ukiutunza miaka mitano ili uwe bora ni sawa na kutunza maziwa.

Namna ya kuziweka mezani

Changa: dakika ishirini kwenye friji, fungua, kunywa. Haitaki sherehe.

Barolo ya miaka mitano: imimine yote kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana saa tatu au nne kabla ya wageni. Hewa haiizeeshi, lakini inailegeza. Yangu niliimimina saa tisa alasiri na bado shemeji aliikuta imejifungia.

Kongwe inataka kinyume chake. Isimamishe wima siku mbili ili mashapo yatue. Vuta kizibo polepole, na kama unacho kile kizibuo cha mikono miwili myembamba inayopita pembeni mwa kizibo, huu ndio wakati wake. Mzee alimimina kutoka chupani moja kwa moja, mkono mmoja, bila kuiinua tena, akanituma nishike tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa. Alipoona uzi mweusi unasogea, akaacha. Kilibaki kama kidole kimoja cha mvinyo, ukimimina hicho unaharibu glasi nzima kwa chembechembe chungu. Usiipigishe hewa saa nyingi. Chupa za umri huo nyingine hufunguka vizuri kwa saa moja, kisha huanza kufa mbele ya macho yako.

Ukitoka Piemonte

Toscana hesabu ni nyepesi zaidi. Zabibu ni Sangiovese, na Montalcino wanakupa vipimo viwili vya kilima kimoja: Rosso di Montalcino, inayoruhusiwa sokoni Septemba ya mwaka unaofuata mavuno, na Brunello, ambayo haitoki mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno. Sangiovese ina ugwadu mwingi lakini ukakasi wake hauumi kama wa Nebbiolo, kwa hiyo Brunello iliyotoka leo hunyweka kwa raha kuliko Barolo iliyotoka leo, hasa ukiwa na ile nyama ya mfupa wanayoichoma Firenze nje nyeusi, ndani mbichi. Kwa nyanya, ambazo zina ugwadu wake, Rosso changa au Chianti Classico ya kawaida, Sangiovese nyingine ya Toscana, itakuokoa, na kongwe yoyote itaaibika.

Amarone, mvinyo mwekundu wa jimbo la Veneto, usiiweke kwenye mizani hii. Uzito wake hautokani na miaka kwanza, unatokana na zabibu kuanikwa ndani ya nyumba kwa miezi kabla ya kukamuliwa, na kileo chake mara nyingi kinafika asilimia 15 au kupita. Ukiinywa na chakula chepesi, meza nzima inasinzia.

Na pilau je?

Mezani kwetu siku nyingi hakuna *tajarin*. Pilau ya ng'ombe yenye bizari nzima na mdalasini nimeijaribu na zote mbili za mwanzo. Langhe Nebbiolo inashinda wazi: viungo vinakutana na tunda, ubaridi unasafisha mafuta. Nyama choma ya mbuzi yenye mafuta yake, na chumvi tu, ndiyo sahani ya kwetu inayoweza kuibeba Barolo changa, kwa sababu ileile ya *brasato*. Lakini pilipili weka mbali. Pilipili huukuza ukakasi na kuwasha kileo, hadi mvinyo wa euro 52 unakuwa kama dawa ya kukohoa. Samaki wa kupaka usimletee mvinyo mwekundu wa aina yoyote. Mpe maji ya madafu, apumzike.

Iliyokaa miaka ishirini sijaiweka na chakula chetu, na sina haraka. Labda na wali mweupe na kuku aliyechemshwa, siku mzee akijisahau tena.

Saa tano usiku tulihesabu. Langhe Nebbiolo ilikuwa tupu tangu sahani ya pili, hakuna aliyekumbuka kuihifadhi. Ya 2019 ilibaki nusu, na Jumapili mchana, na kiporo cha *brasato*, ilikuwa imelegea kuliko usiku, mke wangu akasema sasa ndiyo anaielewa. Ya 2004 ilibaki kile kidole cha mashapo.

Asubuhi nilikuwa naosha glasi, shemeji akaja jikoni na kanga mabegani. Akachagua moja kutoka kwenye zile chafu, ya mzee, akaizamisha pua ndani.

"Hii usiioshe kwanza," akasema, akaondoka nayo.